Tela la Usharika: Tulitengeneze au Tupate Jingine?

Somo la mwezi kwa wazee wa kanisa, wainjilisti na walimu. Someni kwanza: Hesabu 7:1-9, 2 Samweli 6:1-11, Kutoka 21:28-29.



Neno tunalolileta mwezi huu laweza kuonekana kuwa neno la gereji, wala si neno la kanisa, maana ni habari ya tela. Lakini katika sharika zetu za Morogoro, za bondeni na za kupandia Uluguru, tela ni mtumishi asiyehesabiwa. Huchukua mahindi ya Sikukuu ya Mavuno, mabenchi na maturubai ya mkutano, mchanga na matofali ya kujengea, mapipa ya maji wakati wa kiangazi, na mara nyingine jeneza la ndugu aliyelala. Hakuna alikumbukaye mpaka siku lichakaapo. Ndipo wazee hugawanyika. Hawa husema, "Tulitengeneze upya, tulitie vyuma na mbao, litafaa miaka mingine." Wale husema, "Limekwisha hilo. Tutafute fedha tununue jingine." Tumepata kuona baraza la wazee likikaa mara tatu kwa neno hilo moja, na mtunza hazina akirudi nyumbani bila kuagana na mwenyekiti. Basi twataka kulifundisha kwa utaratibu, kwa kuwa ndani yake mna sadaka ya wajane, na tena mna uhai wa watu.

Tuanze na Maandiko, maana magari ya kukokotwa yamo katika Biblia zaidi ya watu wanavyodhani. Musa alipokwisha kuisimamisha maskani, wakuu wa Israeli walileta magari sita na ng'ombe kumi na wawili, kila wakuu wawili gari moja. Musa akawagawia Walawi. Wana wa Gershoni, waliochukua mapazia na vifuniko, walipata magari mawili na ng'ombe wanne. Wana wa Merari, waliochukua mbao na nguzo na vitako vizito, walipata magari manne na ng'ombe wanane. Wana wa Kohathi hawakupata hata moja, kwa sababu vyombo vitakatifu vilikuwa vya kuchukuliwa mabegani. Angalieni jinsi alivyogawa. Hakutazama ukoo ulio mkubwa, wala hakugawa sawa kwa sawa ili watu wasinung'unike. Aliutazama mzigo kwanza, kisha akatoa chombo kwa kadiri ya mzigo. Na wengine aliwaacha bila chombo, wala hakuwaonea.

Sasa tazameni siku za Daudi. Alipotaka kulileta sanduku la Mungu, alilipandisha juu ya gari jipya. Maandiko yamekumbuka kutuambia kwamba lilikuwa jipya. Hata walipofika uwanja wa kupuria wa Nakoni, ng'ombe walijikwaa, Uza akaunyosha mkono wake kulishika sanduku, akafa. Hatutaki kuligeuza neno hili zito la utakatifu wa Mungu kuwa funzo la barabara. Mwalimu atakayefanya hivyo atakuwa amelipunguza. Lakini twaona jambo moja waziwazi: upya wa gari haukusaidia kitu, kwa sababu mzigo ule haukuwa mzigo wa gari. Baada ya miezi mitatu Daudi alilileta tena, na safari hii Walawi walilichukua kwa miti mabegani mwao, kama tunavyosoma katika 1 Nyakati 15. Basi aliyesema barazani, "Tupate jipya, mambo yatanyoka," hajajibu swali bado.

Nchi yetu nayo ina ushuhuda wake. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society, aliyekuwa amezoea magari ya ng'ombe katika nchi za kusini mwa Afrika, aliondoka Saadani pwani akajaribu kufika Mpwapwa pamoja na ng'ombe. Alifika akarudi, naye akaleta habari njema kwamba magari yaweza kupita. Mwaka 1877 wakaja wamisionari na magari yao na ng'ombe wao, wakaingia njia hiyo ipitayo kaskazini ya milima yetu. Mbung'o wakawauma ng'ombe, ng'ombe wakafa, na mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi. Wale waliosalia katika safari walifika Ujiji mwezi wa Agosti 1878. Magari yale hayakuwa mabaya. Yaliundwa na mafundi waliojua kazi yao, nayo huko kusini yalikuwa yamefaa sana. Ila njia haikuwa njia yao, na jaribio la safari moja halikutosha kuionyesha. Reli ilipofika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, mzigo wa bondeni ulipata chombo chake. Lakini panda leo vijiji vya Uluguru visivyofikiwa na barabara, utakutana na mama anayeshuka na mkungu wa ndizi juu ya kata, na vijana wawili wakichukua mzigo mzegamzega kama walivyofanya babu zao. Si kwamba wamechelewa. Njia yao haijapata chombo kingine kilicho bora kuliko miguu.

Kwa hiyo twasema: kabla baraza halijauliza kama tela ni zuri au bovu, liulize njia na mzigo. Tela litakwenda wapi? Litachukua nini? Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya bahari, na kilele cha Lupanga kinachouangalia mji kinapita mita 2,100; Kimhandu kusini kinapita mita 2,600. Usharika wenye kazi zake Dakawa au Ngerengere, mahali pa tambarare, na usharika wenye mtaa wake juu ya barabara ya Sangasanga kwenda Mgeta na Nyandira, hauna swali moja, hata kama matela yao yalitengenezwa na fundi mmoja siku moja.

Mlimani jambo la kwanza ni kushuka. Watu wengi huogopa kupanda, kwa sababu injini hulia. Lakini injini ikishindwa kupanda, gari husimama tu, na watu hushusha mzigo wakacheka. Hatari iko katika kurudi. Tuseme njia yashuka mita 1 kwa kila mita 6 za mwendo, na tela pamoja na mzigo wake lina kilo 1,200. Hapo tela hulisukuma gari kwa nyuma kwa nguvu kama ya kilo 200, mchana kutwa, bila kuchoka. Kama tela halina breki zake lenyewe, breki za gari hubeba kazi ya wawili, hupata moto, hulegea. Katika kona, njia ikiwa na utelezi wa masika, tela hutaka kulipita gari lililo mbele yake, nalo huligeuza ubavu. Dereva mwenye busara hutia gia ndogo tangu juu, kabla hajaanza kuteremka; ila gia haigeuzi uzito wa tela. Tela la kwenda mlimani na mzigo mzito sharti liwe na breki, ama zile zinazojishika zenyewe mara tela lisukumapo gari, ama zinazotumika pamoja na breki za gari. Neno hili peke yake limemaliza mashindano mengi: kama tela kuukuu haliwezi kutiwa breki, na mzigo ni wa mlimani, basi rangi na mbao hazina la kusema.

Sasa tuje kwenye tela lenyewe. Usharika mmoja wa bondeni, ambao hatuutaji jina, ulikuwa na tela lililoundwa kwa ekseli ya pikapu kuukuu. Sanduku lake lilikuwa na urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.2, na kimo cha sentimeta 40. Sakafu ilikuwa imeoza pembeni. Vijana walileta shauri: sakafu ibadilishwe, ubavu uongezwe kimo mpaka sentimeta 80, na jina la usharika liandikwe kwa rangi nyeupe. Gharama yake ilikuwa ndogo, na mbao walikuwa nazo. Wazee wengine walitaka jipya. Mzee mmoja alisema maneno machache sana, akauliza tu: "Mmelala chini yake?"

Hawakuwa wamelala. Wakaliosha, wakalipandisha kwa jeki, wakaweka magogo ya kulishikilia, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu mwenye watoto. Wakachukua brashi ya waya, wakakwangua rangi mahali patatu: pale mkono wa tela unapoungana na fremu, pale springi zinaposhikwa, na kandokando ya kila mahali palipochomelewa. Wakagonga fremu kwa nyundo ndogo toka mwanzo mpaka mwisho. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa na kutu kwa ndani hutoa sauti butu, kama mtungi wenye ufa. Katika shina la mkono wa tela waliona mstari mwembamba wa rangi ya kutu, mwembamba kama unywele, unaotokea chini ya rangi. Ulikuwa ufa. Rangi ilikuwa imeufunika miaka, na vijana walikuwa wametaka kuufunika tena.

Hapa ndipo tunapowaomba walimu wakae kidogo. Tela lina mavazi na lina mifupa. Mavazi ni sakafu, mbao za ubavu, rangi, taa, matairi, beringi, hata springi. Vitu hivi huchakaa navyo hubadilishwa, wala si aibu wala si hasara. Tairi hununuliwa (na wazee wajue kwamba ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne zinazoonyesha juma na mwaka lilipotengenezwa, hivi kwamba 2316 ni juma la 23 la mwaka 2016, tairi lenye maua mazuri laweza kuwa limezeeka kwa kukaa juani). Beringi hubadilishwa kwa saa chache. Ukitaka kuijua iliyo mbovu, simama baada ya safari ya kilometa chache, guse kwa uangalifu kitovu cha kila gurudumu, na kile kinachochoma kuliko vingine kinaomba grisi au beringi mpya. Lakini mifupa ni fremu, mkono wa tela, na ekseli. Kama mavazi yameoza na mifupa ni mizima, lishoneeni mavazi, msisumbue watu kwa changizo. Kama mifupa imevunjika, msinunue mavazi mapya ya kulivika.

Fundi mmoja aliitwa, akasema ataupiga ufa ule kiraka cha chuma kwa nusu ya siku. Bwana wetu aliponena habari ya kiraka kipya katika vazi kuukuu alikuwa akinena neno kubwa kuliko vyuma; hata hivyo kila fundi mwaminifu ajua kwamba jambo hilo ni kweli hata katika chuma. Ufa uliofunikwa haujapona, huendelea kutembea chini ya kiraka. Tena kiraka kigumu juu ya chuma chembamba kilichochoka huhamisha mvunjiko, ukatokea ukingoni mwa kiraka. Fundi wa kweli huukwangua ufa wote mpaka mwisho wake kabla ya kuchomelea, naye huuliza kwanza umetoka wapi: kwa chuma kilichokuwa chembamba tangu mwanzo, au kwa mzigo uliozidi? Asiyeuliza hivyo, mlipeni haki yake kwa kazi aliyoifanya, mtafute mwingine. Na ekseli iliyopinda haina kiraka kabisa. Utaijua kwa matairi yaliyolika upande mmoja. Wengine huipasha moto na kuinyosha kwa nyundo. Chuma kile hakitarudi kuwa kama kilivyokuwa.

Basi na lile shauri la kuongeza ubavu? Vijana hawakuwa na nia mbaya, wala neno lao halikuwa la kipumbavu. Magunzi ya mahindi, kuni, pumba za mpunga na mabenchi huchukua nafasi kubwa na uzito mdogo. Kwa vitu hivyo sanduku refu lafaa. Lakini twende na hesabu. Sanduku lile la kimo cha sentimeta 40 lina nafasi ya mita 1.15 za ujazo. Mchanga mkavu una kilo kama 1,600 kwa mita moja ya ujazo. Basi likijazwa mchanga lina kilo zaidi ya 1,800. Pikapu nyingi za kazi zimeundwa kuchukua kama tani moja. Maana yake, hata kabla ya kuongezwa ubavu, tela hili likijazwa mchanga lilikuwa limekwisha kuvuka mpaka, na ufa ule haukuwa ajabu. Mkiongeza mpaka sentimeta 80, nafasi inakuwa mara mbili, na mchanga utakuwa kilo zaidi ya 3,600, juu ya ekseli ileile, springi zilezile, mkono uleule. Mtasema, "Hatutajaza." Nasi twajua kazi ya kujenga ilivyo: mzee aliyekubaliana na mpaka hayupo siku ya kupakia, vijana wana haraka, mvua yanyemelea, na sanduku ambalo lina nafasi litajazwa.

Tulipenda jawabu la mama mmoja wa baraza hilo. Alisema ubavu uongezwe kwa wavu wa chuma, si kwa mbao. Wavu hushika magunzi na kuni, lakini haushiki mchanga hata mtu akitaka. Hilo ni badiliko jema: linamsaidia mtu kufanya lililo sawa hata siku asiyotaka kufikiri.

Tena kuna neno la kupima uzito ulivyokaa. Si wote hulijua, nasi tumeona matela yaliyoharibiwa na mafundi hodari kwa kutolijua. Mzigo usikae sawasawa juu ya magurudumu, wala usielekee nyuma. Yafaa sehemu moja katika kumi ya uzito wote, au zaidi kidogo, iegemee mkono wa tela mbele. Hivyo tela nalo latoa fungu la kumi. Tela lenye kilo 800 pamoja na mzigo wake liwe na kilo 80 au zaidi kidogo juu ya kiungio, nanyi mwaweza kupima kwa mizani ileile mnayopimia magunia. Likikosa fungu hilo, nyuma likawa zito, litaanza kuchapa kama mkia wa samaki mara gari likikimbia, na dereva akikanyaga breki kwa hofu atazidisha. Sasa, ukirefusha sanduku kwa nyuma, au ukiisogeza ekseli mbele ili kupata nafasi, umelibadili fungu hilo bila kujua. Badiliko lolote la namna hiyo lipimwe upya kabla ya safari ya kwanza. Halafu mkaulize habari ya usajili na bima kabla ya kazi kuanza, siyo baada yake.

Tumefika kwenye fedha, ambako wengi walitaka tuanzie. Bwana alitufundisha kwamba mtu atakaye kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama. Hesabu ya tela huharibika kwa sababu watu hulinganisha bei na bei. Linganisheni mwaka na mwaka. Tuseme, kwa mfano tu, matengenezo ni shilingi 900,000, na fundi asema tela litafaa miaka 2. Na jipya ni shilingi 3,600,000, nalo litafaa miaka 12. La kwanza lagharimu shilingi 450,000 kwa mwaka, la pili 300,000. Lililoonekana rahisi ndilo ghali. Lakini ongezeni swali la tatu: tela hufanya kazi siku ngapi katika mwaka? Andikeni katika daftari, msikisie. Kama ni siku 15 tu, lile jipya lagharimu shilingi 20,000 kwa kila siku ya kazi, kabla ya matairi na bima na mahali pa kulilaza. Ulizeni bei ya kukodi gari kwa siku hizo 15. Huenda mtaona kwamba usharika hauhitaji tela lolote, jambo ambalo barazani hakuna hata mmoja aliyelitaja. Au mtaona kwamba sharika mbili jirani zaweza kuwa na moja, kama wale wakuu wa Israeli, wawili kwa gari moja. Kwa shirika la namna hiyo, andikianeni mapema nani atalipa tairi likipasuka. Mapatano ya mdomo hudumu mpaka tairi la kwanza.

Na fedha ya matengenezo iwe na sanduku lake. Katika siku za mfalme Yoashi fedha zilikuwa zikipokewa kwa ajili ya nyumba ya Bwana, hata hivyo katika mwaka wa 23 wa ufalme wake mabomoko yalikuwa hayajatengenezwa. Ndipo Yehoyada kuhani akatoboa tundu katika kifuniko cha kasha, na fedha zikaenda kwa maseremala na waashi. (Basi wazee wasikate tamaa sana, hata Yerusalemu mambo yalikawia.)

Kuna kizuizi kingine ambacho hakiandikwi katika kumbukumbu za baraza. Tela lile lilitolewa na mzee aliyekwisha kulala katika Bwana, na jamaa yake huketi kanisani kila Jumapili. Nani atasimama aseme, livunjwe? Hezekia alimvunja nyoka wa shaba aliyefanywa na Musa mwenyewe, kwa kuwa kitu kilichowafaa baba zao kilikuwa kimekuwa tanzi kwa watoto. Hatusemi kwamba tela ni sanamu. Twasema kwamba heshima ya marehemu hailindwi kwa kuuacha mkono uliopasuka ukivuta mzigo uliokaliwa na wajukuu wake. Yafaa wazee waende kwa jamaa ile kabla ya mkutano, waketi, waseme kwa adabu, wawaonyeshe ufa.

Maana watu hukaa juu ya mzigo. Hili ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kwaya yarudi kutoka mkutanoni, jua limekuchwa, gari limejaa, na tela ni tupu. Nani atawaambia watoto watembee? Soma Kutoka 21 habari ya ng'ombe apigaye kwa pembe. Akimwua mtu kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia ya damu. Lakini kama ng'ombe alikuwa na desturi ya kupiga tangu zamani, na mwenyewe ameonywa, wala hakumfunga, hukumu ni nyingine kabisa. Tela lenye ufa ni ng'ombe huyo. Kabla hatujainama chini yake, hatujui. Tukisha kuinama tumeonywa, na tangu saa ile lolote litakalotokea haliwezi kuitwa ajali. Ndiyo sababu wengine hawapendi kuinama. Na ndiyo sababu tela lililoonekana kuwa na mifupa mibovu haliuzwi kwa mtu asiyejua, hata akitoa bei nzuri, hata akiwa si wa kanisa letu. Livunjwe, vyuma viuzwe kuwa vyuma. Tela zima nalo lisichukue watu; hapo hatuna neno la kupunguza.

Baraza lile liliamua hivi. Fremu na mkono vilivunjwa. Ekseli ilipimwa ikaonekana imenyooka, beringi moja ikabadilishwa, na fremu mpya ya chuma kinene zaidi ikaundwa juu yake, mbao kimo cha sentimeta 40 kama zamani, na wavu juu yake. Mstari wa rangi nyekundu ulichorwa ndani ya sanduku, nusu ya kimo, kuonyesha mwisho wa mchanga. Kwa kuwa halina breki, liliwekewa amri ya kutopanda mlimani. Mizigo ya mtaa wao wa juu hupelekwa kwa gari la kukodi mpaka barabara inapokoma, na kutoka pale huchukuliwa vichwani. Zamani kazi hiyo ya mwisho ilifanywa na akina mama wa mtaa bila malipo, nayo ikaitwa kujitolea. Baraza likaandika ujira wa wachukuzi katika makadirio ya mwaka. Waliotaka tela jipya hawakufurahi wote, na mmoja wao asema hata sasa kwamba usharika umetengeneza kitu cha nusu. Huenda muda utampa haki; kasha la akiba limefunguliwa kwa ajili hiyo, naye ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wake.

Walimu watakaolitumia somo hili darasani na waulize haya. Kwa nini wana wa Kohathi hawakupewa gari, na katika usharika wetu ni mizigo gani isiyo ya gari? Je, mzigo wowote wa kanisa huchukuliwa bure na watu walewale kila mara? Tela letu, au gari letu, au ngazi ya kupandia paa la kanisa, lilitazamwa chini lini, na nani, na yaliandikwa wapi aliyoyaona? Kisha, kama hali ya hewa yaruhusu, darasa litoke nje pamoja na brashi ya waya na nyundo ndogo.